Mizinga, Daftari na Tembo
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Ifakara)

 

Juzi mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, unatuambia tujitolee kulinda wanyama. Mimi tembo wamemaliza mpunga wangu usiku mmoja. Niwalinde, nipate nini?"

Swali hilo ni la haki. Leo nalijibu.

Upande mmoja wa bonde letu kuna Milima ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1992. Upande wa pili kuna Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Tembo wana njia zao za zamani kati ya hifadhi hizo. Nasi katikati tumelima mpunga na miwa. Basi tembo akipita, anapita shambani. Ndiyo maana vijiji vya Sole, Kanyenja na Mang'ula A vilikubali kutenga ardhi iwe njia ya tembo. Si kwamba wana ardhi ya kuchezea. Wanataka tembo apite kwake, mkulima alale kwake.

Huko Mang'ula wakulima walijaribu pia uzio wa mizinga, njia iliyoanzia Kenya. Mizinga hutundikwa kwenye waya pembeni mwa shamba. Tembo akisukuma waya, mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Tembo ni mkubwa, lakini nyuki humuuma karibu na macho na ndani ya mkonga. Anageuka. Na asali inabaki yetu.

Lakini uzio haujitunzi. Waya ukikatika, siafu wakiingia, nyuki wakihama, uzio umekufa. Tena si kila tembo hugeuka. Hapo ndipo wanatakiwa watu wa kujitolea, kwa zamu.

Wewe uliyehitimu kisomo, kazi yako ni daftari. Andika: Tarehe ngapi? Saa ngapi? Tembo wangapi? Wametokea wapi? Wamekula nini, eka ngapi? Mizinga mingapi ina nyuki? Usimfuate tembo gizani. Andika asubuhi, ukitazama nyayo.

Kwa nini tuandike? Serikali ina kifuta jasho kwa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama. Si fidia kamili. Lakini taarifa isiyo na tarehe wala ukubwa wa shamba, nani ataisimamia? Tena daftari la mwaka mzima litatuonyesha tembo huingilia wapi, tujue mizinga itundikwe wapi.

Basi, mama yangu, jibu ni hili. Ukijitolea, humlindi tembo peke yake. Unalinda mpunga wako, na mtoto wako asilale shambani akipiga debe.

Jioni kaeni kikundi, mjiulize: daftari la kijiji chetu atashika nani? Zamu ya kwanza ni ya nani?