Ukomavu Darasani: Mtu Mzima na Kozi za Mkazo za Kijerumani

Mhadhara huu unachunguza hali ya mtu mzima anayejifunza Kijerumani katika kozi za mkazo, yaani mafunzo ya saa kadhaa kila siku, mfululizo kwa majuma au miezi, yanayokusudia kumfikisha mwanafunzi kwenye kiwango fulani mapema kuliko madarasa ya jioni. Hoja yake kuu ni kwamba kozi hizo humfaa mtu mzima zinapotumia ukomavu wake, ukiwamo ujuzi wa lugha anazozimudu tayari, na humchosha bure zinapomfundisha kana kwamba hajawahi kuwa na lugha yoyote.

Viwango vinavyolengwa vinatokana na mfumo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, unaogawa umilisi wa lugha katika ngazi sita, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya mjuzi. Nchini Ujerumani ngazi hizo zina uzito wa kisheria: tangu mwaka 2007 mtu anayehamia huko kumfuata mwenzi wake wa ndoa kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha A1 kabla ya kupewa viza, na muuguzi aliyesomea nje ya Umoja wa Ulaya kwa kawaida hutakiwa kufikia B2 ili sifa zake zitambuliwe. Makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi yaliyotiwa saini na Kenya na Ujerumani mjini Berlin mnamo Septemba 2024 yamelileta suala hili karibu zaidi na Afrika Mashariki.

Wengi huamini kwamba umri ndio kikwazo, na methali ya samaki mkunje angali mbichi hutajwa kuwa ushahidi. Mwaka 1967 Eric Lenneberg alitoa nadharia ya kipindi mahususi, inayodai kwamba uwezo wa kupata lugha bila kufundishwa hupungua baada ya balehe. Hata hivyo, utafiti wa Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle, uliochapishwa mwaka 1978 kuhusu wasemaji wa Kiingereza waliojifunza Kiholanzi nchini Uholanzi, ulionyesha kwamba katika miezi ya mwanzo vijana na watu wazima walisonga mbele kwa kasi kuliko watoto wadogo. Kasi hiyo ya mwanzo ndiyo ambayo kozi ya mkazo inaweza kuivuna.

Ugumu wenyewe unaonekana katika sentensi kama *Ich weiß, dass der Arzt den Patienten gestern nicht untersucht hat*, yaani najua kwamba daktari hakumchunguza mgonjwa jana. Katika kishazi tegemezi cha Kijerumani kitenzi husukumwa hadi mwisho, na hapa ukanushi hukitangulia kwa hatua moja tu, ilhali katika Kiswahili silabi ya kwanza ya *hakumchunguza* imekwisha kutangaza kwamba tendo halikufanyika. Muuguzi anayepokea zamu hana budi kujizoeza kusubiri hadi neno la mwisho, na mazoea hayo hujengwa kwa kusikiliza mara nyingi, wala si kwa kukariri kanuni peke yake.

Kwa upande mwingine, msemaji wa Kiswahili anao mtaji ambao walimu huusahau. Jinsia tatu za nomino za Kijerumani, zinazoonyeshwa na vibainishi *der*, *die* na *das*, hazipaswi kumtisha mtu aliyezoea ngeli, ambaye anajua kwamba nomino huwatawala wafuasi wake. Tofauti ni kwamba ngeli mara nyingi hutambulika kwa kiambishi cha mwanzo, ilhali jinsia ya Kijerumani mara nyingi haina alama, isipokuwa katika miishio kama *-ung* na *-heit*, ambayo ni ya kike. Kwa hiyo kila nomino ijifunzwe pamoja na kibainishi chake.

Mkazo nao una mpaka. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba mambo yaliyokaririwa husahaulika upesi, na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushinda yale yaliyolundikwa pamoja. Mtu mzima mwenye kazi, watoto na ada ya kulipa hujaribiwa kuruka ngazi ili awahi mtihani, lakini cheti kilichopatikana kwa kulundika hakimsaidii wodini, ambako mgonjwa huzungumza kwa lahaja na hakuna anayerudia swali.

Kwa hiyo idara za Kiswahili na taasisi zinazofundisha Kijerumani Afrika Mashariki zinapaswa kushirikiana kuandika sarufi ya Kijerumani inayoelezwa kwa Kiswahili na kuanzia kwenye ngeli na viambishi ambavyo mwanafunzi anavijua. Nao waajiri wanaodai B2 wakubali kugharimia muda unaohitajika kuifikia.