Mkomamanga wa Uani na Haki ya Jirani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeihuisha ardhi iliyokufa akaotesha ndani yake miti na mizabibu. Rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu zangu Waislamu, nakuusieni pamoja na nafsi yangu tumche Mwenyezi Mungu, katika mambo makubwa na katika yale tunayoyadharau.

Na katika tunayoyadharau ni mti ulio uani. Nyumba nyingi za pwani yetu zina mkomamanga, nao umetajwa kwa jina lake katika Qur'ani. Katika Sura ya Al-An'am, aya ya 141, Mola wetu ametuamrisha tule matunda hayo, tutoe haki yake siku ya kuvuna, wala tusifanye israfu. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mwislamu akipanda mti, akala kwao mtu au mnyama au ndege, huwa ni sadaka yake. Basi auachaye mti wake ugeuke kichaka cha miiba huipunguza sadaka hiyo kwa mkono wake mwenyewe.

Mkomamanga usipopogolewa hutoa machipukizi mengi chini ya shina, yakaunyonya nguvu. Yakateni kila yanapotokea, mkabakisha mashina matatu au manne. Kisha ondoeni matawi makavu, na yanayosuguana, na yanayoelekea ndani, ili mwanga na upepo vipite. Tumieni mkasi mkali au msumeno mdogo ulio safi. Panga huchana gamba, na palipochanika huingia maradhi. Wala msikate ncha za matawi yote. Mimi nilifanya hivyo mwaka mmoja, nikitaka mti wangu uwe duara la kupendeza, na mwaka ule hatukuonja komamanga. Kumbe maua yake hutoka kwenye ncha za vitawi vifupi. Wanangu walinicheka, na haki ilikuwa yao.

Lakini lililonisimamisha leo ni tawi lililovuka ukuta. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelieleza katika mlango wa suluhu. Hewa iliyo juu ya kiwanja ni ya mwenye kiwanja, kwa hiyo jirani ana haki ya kumtaka mwenye mti aliondoe tawi. Akikataa, jirani ataligeuza lirudi lilikotoka. Lisipogeuzika, ndipo atalikata. Ama matunda yake ni ya mwenye mti, hata yakimning'inia jirani juu ya kichwa.

Tazameni utaratibu huo: kwanza neno, kisha mkono, kisha chuma. Nami nawajua wawili waliosali safu moja miaka mingi. Mmoja alianza na chuma, tena usiku. Kulipokucha, maua mekundu yalikuwa yametapakaa uani. Tawi lililovuka lilikuwa moja, na yaliyokatwa ni yote. Tangu hapo hawaamkiani. Ikiwa wananisikiliza saa hii, basi mkomamanga ule umeanza kuchipua tena shinani, nimeuona kwa macho yangu. Na ukuta ulio baina yao haupiti kimo cha mtu.

Nasema maneno yangu haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu maghufira kwangu na kwenu.