Gemu, Mdako na Mkono Uliokataa Kunyooka

Wewe uliyejikunyata kitandani bwenini unasoma ukurasa huu kwa tochi, sikiliza. Maneno haya niliwaandalia wanafunzi wa sekondari hapa Same, lakini yasome kana kwamba tumekaa wote chini ya mti mmoja.

Tungekuwa ana kwa ana ningekunja shati nikuonyeshe kiwiko changu cha kulia. Hakinyooki. Nilianguka nikiwa Kidato cha Pili, kwenye njia ya mlimani, nimebeba mzigo wa tangawizi wa mama. Nikafungwa hogo. Wiki zilipotimia hogo likakatwa, nikaambiwa, "Umepona, nenda nyumbani." Basi. Hakuna aliyenitajia mazoezi. Nikapanda zangu mlima, mkono nimeukumbatia kifuani kama kifaranga, nikasubiri unyooke wenyewe. Mpaka leo nasubiri.

Hivi unajua mkono uliopungukiwa kunyooka kidogo tu unakunyima nini? Mpira wa wavu ndiyo kwaheri. Ndoo unaibeba kwa mkono mmoja. Hata kumpa mgeni mkono unajishtukia. Ndiyo sababu nikasomea fiziotherapia, yaani kazi ya kurudisha mwendo na nguvu za mwili baada ya ajali au ugonjwa. Siku hizi serikalini wanatumia neno pana zaidi, utengamao.

Mfupa ukiungana kazi imefika nusu. Wiki zote zile ndani ya hogo misuli ilikuwa inasinyaa, na ngozi laini inayozunguka kiungo ilikuwa inakakamaa. Lazima uvitembeze tena, kidogo kidogo, mara nyingi. Nasema kidogo kidogo kwa sababu wapo watakaokwambia ukandwe na kuvutwa kwa nguvu. Usikubali! Kiwiko hasa hakitaki ubabe. Ukikivuta kwa nguvu kikiwa bado kibichi, misuli ya pale inaweza kuota mfupa ndani yake, na hapo mkono ndiyo unafunga kabisa.

Sasa tuseme ukweli. Mazoezi yanachosha roho. Kunja, kunjua, kunja, kunjua. Siku ya kwanza utafanya mara 30, ya pili mara 10, ya nne utasema nitafanya jioni. Nawajua, na mimi ningefanya hivyo hivyo. Hata hospitalini kwenyewe hesabu haitoshi. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na Catherine Lang wa Marekani walitoa matokeo ya kuhesabu kile kinachofanyika kwenye vikao vya mazoezi ya watu waliopata kiharusi. Matendo yenye maana ya mkono mgonjwa, kama kufikia kitu na kukishika, yalikuwa wastani wa mara 32 tu kwa kikao. Ubongo unaojifunza upya kuongoza mkono unataka marudio mamia, siku baada ya siku.

Hapo ndipo gemu zinapoingia. Najua umekuwa ukizisubiri.

Wa kwanza kunifurahisha katika habari hii ni watu wa Seattle, Marekani. Kuanzia mwaka 1996 Hunter Hoffman na David Patterson walianza kuwavalisha wagonjwa walioungua miwani yenye picha za kompyuta. Mtu aliyeungua lazima anyooshe ngozi inayopona, la sivyo kovu linavuta na kiungo kinapinda. Maumivu yake si ya kusimulia. Basi wakamtengenezea gemu ya theluji tupu, kama yuko Kibo lakini hana haja ya kupanda, anarusha mipira ya theluji huku mtaalamu anamnyoosha mkono. Akili ikishughulika na theluji, nafasi ya maumivu inapungua. Wewe uliyewahi kumsikia mtoto aliyemwagikiwa uji wa moto akibadilishwa bandeji unaelewa nina maana gani.

Halafu mwaka 2006 kampuni ya Nintendo ya Japani ikaleta Wii. Hii haikuwa ya kukaa na kubonyeza kwa vidole gumba kama kwenye mabanda ya PlayStation. Rimoti yake ilihisi mwendo wa mkono. Ukitaka kupiga tenisi, unapunga mkono kweli. Wataalamu wa viungo wa Ulaya na Amerika wakaidaka mara moja: mgonjwa aliyegoma kunyoosha mkono mara 20 sasa anaunyoosha mara 100 kwa sababu anataka kumfunga mwenzake.

Hata hivyo, mwaka 2007 daktari mmoja kijana, miaka 29, aliamka Jumapili bega la kulia linamuuma vibaya. Jana yake alikuwa amecheza tenisi ya Wii saa kadhaa mfululizo. Habari yake ikachapishwa katika jarida kubwa la madaktari. Dawa aliyopewa ilikuwa ya kutuliza maumivu, na gemu akae nayo mbali. Kwa hiyo gemu ikizidi kipimo inaumiza kama kazi nyingine yoyote.

Karibu na kwetu, Kampala, Paul Bangirana na wenzake walijaribu gemu za kompyuta kwa watoto waliowahi kuugua malaria iliyopanda kichwani. Walichapisha matokeo mwaka 2009, na watoto waliocheza walionyesha nafuu katika baadhi ya vipimo vya akili. Ile ilikuwa tiba ya ubongo, si ya viungo, lakini nyinyi wa Ndungu na Kihurio, kwenye mashamba ya mpunga na mbu wake, mnajua malaria ni nini.

Swali ambalo mwanafunzi mmoja aliniuliza hata kabla sijamaliza ni hili: "Sasa sisi huku Wii tutaitoa wapi?" Swali zuri sana. Jibu lake lilipatikana mwaka 2016.

Gustavo Saposnik wa Toronto, Kanada, na wenzake waliwachukua wagonjwa 141 waliopata kiharusi siku si nyingi, katika vituo 14 vya Kanada, Argentina, Peru na Thailand. Wote waliendelea na tiba yao ya kawaida. Juu ya hiyo, 71 walicheza Wii. Wale 70 wengine walicheza karata, bingo, kupanga vijiti vya mbao, na kurushiana mpira. Vikao 10 vya saa moja, ndani ya wiki mbili. Mwisho wakapimwa. Mikono ya makundi yote mawili ilikuwa imepata nafuu, na Wii haikuzishinda karata!

Sisi Wapare tunataniwa nchi nzima kwamba mkono wetu haufunguki kirahisi penye shilingi. Haya, kwa hili ubahili wetu umepata ushahidi wa kisayansi.

Lakini usinielewe vibaya. Hawakusema karata zinatosha peke yake. Mwaka 2017 wachambuzi waliokusanya tafiti 72 zenye watu 2,470 waliona jambo lilelile kwa upande mwingine: muda ukiwa sawa, gemu za kompyuta haziupiti sana mkono wa mtaalamu, zikiongezwa juu ya tiba ya kawaida, zinasaidia. Ni zile dakika za ziada zinazofanya kazi. Na Wii yenyewe haitengenezwi tena. Bao lenye mashimo 32 na kete 64 bado lipo, na halihitaji umeme.

Nikupe mfano wa nyumba moja ninayoijua, huko juu milimani. Sitaitaja. Bibi alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Majirani wakasema ni jini. Kiharusi si jini. Ni mshipa wa damu wa ubongo ulioziba au kupasuka, mara nyingi kwa sababu ya presha iliyokaa miaka bila kutibiwa. Katika mkoa wetu huu huu wa Kilimanjaro, wilaya ya Hai, watafiti walihesabu watu 453 waliopata kiharusi kati ya Juni 2003 na Juni 2006 katika vijiji walivyovifuatilia.

Bibi huyu aligoma mazoezi. "Mimi si mtoto wa kunyooshwanyooshwa," alisema. Kushuka Same mjini kila wiki haikuwezekana, nauli na njia mnazijua wenyewe. Mjukuu wake, msichana wa Kidato cha Tatu, akaniuliza afanye nini. Nikamuuliza, bibi alipokuwa msichana alipenda kucheza nini? Akaenda, akarudi anacheka. Mdako! Eti hakuna aliyemfunga kijiji kizima.

Unaujua mdako: unarusha kijiwe juu, unatoa vingine shimoni, unakidaka kabla hakijaanguka. Kwa mgonjwa huyu kukaa chini kulikuwa hatari, angeweza kuanguka. Tukaweka sinia juu ya meza, bibi kwenye kiti chenye mgongo, miguu imekanyaga sakafu. Tulianza bila kurusha kitu. Vipande vikubwa vya tangawizi, avitoe upande mmoja wa sinia avipeleke upande wa pili kwa mkono ule mgonjwa, na ule mzima akae nao mapajani. Mjukuu anahesabu kwa sauti. Vipande vikawa vidogo. Sinia ikasogezwa mbali ili kiwiko kinyooke. Baadaye vijiwe vyenyewe.

Sheria nilizompa msichana zilikuwa chache. Usimvute bibi kwa mkono uliolegea unapomwinua, bega litachomoka. Akisema panauma kwa kuchoma, acha. Akichoka, acha. Presha ipimwe na dawa zisikatizwe hata akijiona mzima. Na ukiwa wewe ndiye uliyevunjika, siku hogo linapokatwa usitoke mlangoni kabla hujauliza: nitembeze kiungo hiki vipi, mara ngapi, na ni mwendo gani bado nimekatazwa? Ukishajua mwendo unaotakiwa, mchezo wa kuubeba utaupata mwenyewe. Kama hospitali uliyopo haina mtu wa mazoezi, omba barua ya rufaa. KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, inatibu na pia inafundisha watu wa kazi hii.

Miujiza haikutokea. Vifungo vya gauni bibi hawezi mpaka leo, anafungwa na mjukuu. Lakini kikombe cha chai anakishika, na maharage anachambua mwenyewe, polepole, huku akilalamika kwamba mjukuu anaiba katika kuhesabu.

Mara ya mwisho nilipowatembelea nilimwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba," akasema, akanisukumia sinia. "Wewe mganga, na chako hakinyooki. Kaa hapo."

Alinifunga.