Maji Kichwani kwa Wazee

Kichwa maji cha watoto twakijua sote: kichwa hupanuka, mama anaona, anakimbia hospitali. Wazee nao hupata ugonjwa huu, ila fuvu la mtu mzima limeshafunga, halipanuki. Basi hakuna anayeona kitu.

Ndani ya ubongo hutengenezwa maji safi, karibu nusu lita kwa siku, kisha yanafyonzwa na kurudi damuni. Kwa wazee wengine kufyonza huko hulegea. Pengine waliwahi kuumia kichwa au kuugua homa ya uti wa mgongo, lakini mara nyingi sababu haionekani. Daktari Salomón Hakim wa Colombia na wenzake wa Marekani waliueleza ugonjwa huu mwaka 1965.

Tazameni miguu kwanza. Mzee anatembea kana kwamba nyayo zimenata sakafuni, hatua fupi, miguu kaitanua, na kugeuka ni taabu. Halafu mkojo unamtoka kabla hajafika choo. Tena anasahau, mawazo yanakuwa mazito. Nyumbani watasema ni uzee tu, au ni chira. Sisi twasema mpelekeni hospitali kwanza, kwa sababu katika magonjwa ya kusahau, huu ni mmoja wa michache inayotibika.

Kiharusi na magonjwa mengine huweza kufanana nao, kwa hiyo picha ya skani ya kichwa ni lazima. Daktari anaweza pia kutoa maji kidogo mgongoni, mililita 30 hadi 50, kisha amtazame mzee akitembea. Akitembea afadhali, ni dalili njema.

Vidonge haviponyi. Mpasuaji huweka mrija unaopita chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, na maji yanafyonzwa huko. Miguu ndiyo hupata nafuu zaidi. Kumbukumbu hurudi kwa shida, hasa mkichelewa. Mrija nao waweza kuziba au kuingia vijidudu, au damu ikavuja kichwani. Baada ya upasuaji, mgonjwa akipata homa, kutapika au usingizi usio wa kawaida, arudishwe siku hiyo hiyo, msingoje Jumatatu!

Juu ya gharama, ulizeni ni mrija gani. Kule Mbale, Uganda, madaktari walilinganisha mrija wa bei nafuu kutoka India na ule wa ghali kwa watoto, wakatangaza mwaka 2005 kwamba hawakuona tofauti.

Anzeni kliniki ya karibu, muombe barua ya kwenda Russia, yaani Hospitali ya Jaramogi. Andikeni miguu ilianza lini, na mkojo lini. Daktari atauliza.