Vipuli vya Motokaa Kuukuu

Leo twataka kusema nanyi juu ya taabu aijuayo kila mwenye motokaa ya zamani: kutafuta kipuli asikipate, au kukipata kisichofaa.

Motokaa kuukuu kijijini si pambo. Mara nyingi ndiyo ichukuayo mahindi sokoni, na usiku wa manane ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali. Ikilala juu ya mawe mwezi mzima kwa kukosa kipuli kimoja kidogo, hasara si ya mwenyewe peke yake.

Basi taabu hii yatoka wapi? Kwanza, jina la motokaa halitoshi. Tutwae mfano wa Land Rover, iliyoonyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka wa 1948. Ile iitwayo Series III ilitengenezwa tangu 1971 hata 1985. Kwa macho, ya mwanzo na ya mwisho ni kama ndugu. Lakini mwaka wa 1980 injini yake ya lita mbili na robo ilibadilishwa: shafti kuu, iliyokuwa ikizunguka katika beringi kuu tatu, iliwekewa tano. Mtu aendaye Gerezani, Dar es Salaam, au barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akasema tu, “Nipe shafti ya Land Rover,” huenda akarudi kwao na chuma kisichoingia. Nauli imepotea, na pengine fedha hairudishwi.

Pili, vipimo. Boliti nyingi za Land Rover za zamani zapimwa kwa inchi; za Peugeot 504, iliyotoka mwaka wa 1968, zapimwa kwa milimita. Boliti ikilazimishwa katika nati isiyo yake, meno hulika, na kazi ya saa moja huwa ya siku mbili.

Tatu, mpira huzeeka hata usipotumiwa. Raba za breki zilizokaa dukani miaka mingi hukauka na kupasuka, ingawa karatasi yake haijafunguliwa.

Sasa yatupasa kufanya nini? Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na tuandike katika daftari nambari ya chesisi, nambari ya injini, na nambari iliyopigwa juu ya kila kipuli tukibadilishacho. Twendapo mjini tuchukue kipuli kile kibovu, tukiweke kando ya kipya, tuhesabu meno na matundu, tupime upana. Tumwulize mwenye duka, kabla ya kulipa, kama atakipokea kisipoingia. Kuuliza si ujinga.

Kipuli kisipopatikana kabisa, fundi wa kukereza chuma aweza kutengeneza bushi au pini nzuri, akipewa ile ya zamani aifuate. Lakini breki na usukani tusivifanyie bahati nasibu. Raba iliyokatwa katika tairi kuukuu yaweza kushika leo, ikaachia kesho mteremkoni, na gari limejaa watu. Afadhali motokaa ilale wiki moja zaidi kuliko kuzika abiria wake.

Nanyi wanafunzi mjuao kuandika, wasaidieni baba zenu kulianza daftari hilo jioni hii, kabla chombo hakijavunjika. Kwaherini.