HUDHUD MBELE YA MFALME: ADABU YA KUSEMA UKASIKILIZWA KAZINI



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.), Aliyemfundisha mwanadamu kubainisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wengi wetu tunalalamika kwamba kazini hatusikilizwi. Fundi anaona zege limepungukiwa saruji. Karani anaona hesabu ya ghala hailingani na stakabadhi. Kila mmoja hunyamaza mbele ya mkubwa wake, kisha husema yote barazani. Hapo ukweli hupotea na ghiba huandikwa. Na siku jengo likiporomoka, hawafukiwi waliokosea peke yao.

Tuizingatie Suratun-Naml (27:20-28). Nabii Sulaiman (a.s.) alikagua ndege, asimwone Hudhud. Akaapa kumwadhibu vikali au kumchinja, isipokuwa alete hoja iliyo wazi. Ndege huyo mdogo, tena mwenye kutuhumiwa, alirejea na akasikilizwa. Kwa nini?

Kwanza, alianza na jambo lenyewe. Alieleza kuwa ana habari asiyokuwa nayo mfalme, ametoka nayo Sabaa, na ni ya yakini. Hakusema, "Nasikia watu wanasema." Nasi tukimwendea msimamizi, tumweleze tulichokiona, wapi na lini. "Imeandikwa mifuko 10, imefika 8" ni neno zito kuliko saa nzima ya manung'uniko.

Pili, hakurefusha. Alimtaja mwenye kutawala, nguvu alizopewa, kisha lile kosa kubwa: watu wale wanalisujudia jua badala ya Allah. Na imepokewa kwa Bi Aisha (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alizungumza kwa utulivu, hata mwenye kutaka kuyahesabu maneno yake aliweza.

Tatu ni upole. Nabii Musa na Harun (a.s.) walipotumwa kwa Firauni waliamrishwa kumwambia maneno laini (20:44). Ikiwa Firauni aliambiwa kwa ulaini, vipi msimamizi wa zamu? Lakini ulaini si kuficha. Ujumbe ulifikishwa wote. Na asiyekuwa na wepesi wa ulimi asinyamaze. Musa (a.s.) aliomba afuatane na nduguye aliye fasaha zaidi (28:34). Nasi tufuatane na mwenzetu.

Sasa tuwageukie wakubwa. Sulaiman (a.s.), Mtume na mfalme, hakumkatiza Hudhud. Hakumsadiki papo hapo, wala hakumkadhibisha. Alisema atatazama kama amesema kweli au amesema uongo. Kisha akamkabidhi yeye mwenyewe barua aipeleke. Alisikiliza, akahakiki, akamwamini kwa kazi. Enyi wenye maduka, wenye kujenga, na sisi tunaosimamia madrasa, tujiulize: ni Hudhud wangapi wanaotuogopa? Tukiwafokea leo, kesho watatuona tunaelekea shimoni nao watanyamaza.

Ndugu katika imani, anayelipwa ujira amekabidhiwa amana, na kusema kweli ni sehemu ya amana hiyo. Tusiiache ikaishia barazani.

Tunamuomba Allah (s.w.) afungue vifundo vya ndimi zetu, na aifungue mioyo ya wanaotusikiliza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.