Mwanafunzi na Simu
(Hotuba ya mwalimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kambi yetu ya Dzaleka ilipofunguliwa mwaka 1994, aliyetafuta jamaa zake aliandika barua ya Msalaba Mwekundu. Barua ile ilikwenda bila kufungwa, ikiwa na habari za nyumbani tu. Leo mtoto wa shule huzungumza na shangazi yake aliye Bukavu kabla uji haujapoa. Ni neema kubwa. Lakini mlango uliomwingiza shangazi humwingiza na mwizi.

Mwanafunzi wangu mmoja alishika simu ya mama yake, akakuta ujumbe: "Familia yenu imo katika orodha ya kwenda ng'ambo. Tutumie namba itakayoingia sasa hivi." Namba ikaingia, tarakimu 6. Akaituma kwa furaha. Kumbe ndiyo ufunguo wa WhatsApp ya mama. Mwizi akaanza kuwaomba jamaa pesa kwa jina la mama, nao wakatuma.

Mtoto alinyamaza wiki mbili. Aliogopa fimbo. Fimbo ambayo haijapigwa ndiyo iliyomfunga mdomo, na mwizi akapata nafasi ya kuwamaliza jamaa wengine.

Kwa hiyo, wanafunzi, shikeni haya. Kwanza, namba hiyo haipewi mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa shirika. Pili, huduma za UNHCR hazilipiwi, na kuhamishiwa nchi ya tatu hakuuzwi. Anayedai pesa ni tapeli. Tatu, ukikosea, sema siku ileile. Mwenye simu akijisajili upya kwa namba yake, mwizi hutolewa. Lakini mwizi akiwahi kuweka namba yake ya siri, mwenye simu huweza kungoja siku 7.

Wazazi wenzangu, mtoto akija kusema amekosea, msimpige wala msimnyang'anye simu kabla ya kumsikiliza. Mkimpiga leo, kesho atanyamaza.

Wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba mbandike kwenye kila shule, kwa Kiswahili, mahali pa kupeleka taarifa za utapeli. Mtoto aliyepata ujasiri wa kusema asikose mtu wa kumwambia.